Kolmanskop: Almasi Ziliondoka, Mchanga Ukawa Biashara

Kolmanskop ni mji usiokaliwa na mtu. Uko kwenye mteremko wa kilima ndani ya jangwa la Namib, kusini-magharibi mwa Namibia, kiasi cha kilomita 10 kutoka bandari ya Lüderitz. Ulizaliwa na almasi mwaka 1908, ukanawiri kwa muda usiotimia hata robo karne, ukaanza kufifia almasi bora zaidi zilipoonekana kwingine, na mwaka 1956 wakazi wa mwisho wakafunga mizigo. Watu walipotoka, upepo uliingia. Mchanga ukang'oa milango na kujaa vyumbani, na ni mchanga huohuo unaowavuta watalii leo kutoka pande zote za dunia, kamera mabegani, kuja kutazama nyumba ambazo hakuna aliyezitaka.

Pwani hiyo si mahali ambapo mtu mwenye hiari angechagua kujenga. Mkondo baridi wa bahari uitwao Benguela hupita karibu na ufuko na kuinyima nchi mawingu ya mvua. Lüderitz hupata mvua isiyofika milimita 20 kwa mwaka mzima, kiasi ambacho Dar es Salaam huweza kukipata alasiri moja ya masika. Kilicho kingi ni ukungu wa asubuhi na upepo wa kusini, ambao ikifika adhuhuri huvuma kwa nguvu hadi punje za mchanga zikauma usoni. Hata jina la mji linahusishwa na upepo huo: husimuliwa kwamba msafirishaji mizigo aliyeitwa Johnny Coleman alinaswa na dhoruba ya mchanga hapo, akalitelekeza gari lake la maksai, na wapita njia wakakiita kilima kwa jina lake.

Anayeujua mgodi wa Mwadui, Shinyanga, anaijua almasi inayofuatwa katika mwamba wake wenyewe, mahali ilipopandishwa na volkano ya kale. Almasi za Namib hazina mwamba wao. Zilitokea ndani kabisa ya Afrika Kusini, katika miamba iitwayo kimbalaiti. Mvua za mamilioni ya miaka ziliimomonyoa miamba hiyo, mto Orange ukayabeba mawe hadi bahari ya Atlantiki, na mawimbi yakayasogeza kaskazini kando ya pwani. Mengine yalitupwa ufukweni, na hapo upepo ukamaliza kazi: ulipeperusha mchanga mwepesi na kuyaacha mawe mazito mabondeni, juu ya ardhi, hayana hata udongo wa kuyafunika. Safari ndefu kiasi hicho ni chujio kali. Jiwe lenye ufa lilivunjika njiani, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya almasi za Namibia ni za kiwango cha vito.

Historia ya mji, hata hivyo, haianzi na almasi. Inaanza na hati za kununulia ardhi. Wenyeji wa pwani hiyo walikuwa Wanama. Mwaka 1883 mfanyabiashara wa Bremen, Adolf Lüderitz, alimtuma wakala wake, Heinrich Vogelsang, kwa chifu Josef Fredericks wa Bethanie, na ghuba iliyoitwa Angra Pequena ikauzwa kwa pauni 100 na bunduki 200. Baada ya miezi michache ukafuata mkataba wa pili, wa ukanda wote wa pwani kushuka hadi mto Orange, upana wake maili 20. Chifu alizijua maili za Kiingereza, ambazo kila moja haifiki kilomita 2. Mnunuzi akashikilia kwamba zilizoandikwa ni maili za Kijerumani, ambazo kila moja inazidi kilomita 7. Ukanda wa kilomita 32 ukageuka wa karibu kilomita 150. Msomaji aliyesoma shuleni habari za Chifu Mangungo wa Msovero na karatasi za Karl Peters hatahitaji maelezo zaidi, na wala hatashangaa kusikia kwamba ilikuwa 1884, mwaka uleule wa Peters kule Usagara, Ujerumani ilipoitangaza pwani ya Lüderitz kuwa himaya yake.

Miaka 20 baadaye Waherero na Wanama walichukua silaha. Kabla tu ya Majimaji kusini mwa Tanganyika na wakati inapiganwa, Wajerumani walikuwa wakiwaangamiza Waherero jangwani na kuwafunga Wanama katika kisiwa cha Shark, kilicho mlangoni mwa bandari ya Lüderitz. Zaidi ya watu elfu moja walikufa pale kwa baridi, njaa na maradhi. Miongoni mwao alikuwa Cornelius Fredericks, kiongozi wa vita wa Wanama wa Bethanie, aliyefariki mwaka 1907. Wafungwa walioweza kusimama walipelekwa kujenga reli kutoka Lüderitz kwenda bara, kupitia Aus hadi Keetmanshoop. Zaidi ya nusu ya waliopelekwa kwenye kazi hiyo hawakurudi. Reli hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa almasi.

Reli inayokatisha jangwa ina adui mmoja wa kudumu. Matuta ya mchanga husogea usiku na mchana, yakifika kwenye njia huifunika, kwa hiyo shirika la reli liliweka vibarua wenye sepeto wa kuufagia mchanga kila siku. Msimamizi wa kipande cha karibu na Lüderitz alikuwa Mjerumani August Stauch, mtu wa Thuringia aliyekuwa na pumu na ambaye hali ya hewa kavu ilitarajiwa kumfaa. Stauch aliwaambia vibarua wake wamletee jiwe lolote watakaloliona si la kawaida. Mwezi Aprili 1908 mmoja wao, Zacharias Lewala, aliliona jiwe dogo likimeremeta kwenye mchanga karibu na kituo cha Grasplatz. Hakulibahatisha. Alikuwa amefanya kazi katika machimbo ya Kimberley, na almasi ghafi aliijua kwa macho. Alilipeleka kwa msimamizi wake, na yasemwayo ni kwamba Stauch alilijaribu kwa kukwaruza kioo cha saa yake. Kioo kilikwaruzika.

Stauch hakupiga kelele. Alichukua leseni za kutafuta madini katika eneo kubwa kadiri alivyoweza, akatafuta wenzake wa kuchangia mtaji, na habari zilipotoka alikwisha kujiwekea nafasi. Akawa milionea. Chanda chema huvikwa pete, husema wahenga; chanda cha Lewala hakikuvikwa kitu. Hakupata hisa wala zawadi, na kumbukumbu za wakati huo hazijishughulishi naye tena baada ya siku ile. Na Stauch mwenyewe hakufaidi hadi mwisho, maana mali yake iliyeyuka katika misukosuko ya uchumi kati ya vita viwili vya dunia, akafa Ujerumani mwaka 1947 akiwa maskini.

Lüderitz ilishikwa na wazimu. Makarani waliacha meza zao, wenye maduka wakafunga milango, kila mtu akaenda jangwani kupima viwanja. Kusini zaidi, karibu na Pomona, Stauch na mtaalamu wa miamba aliyefuatana naye walifika katika bonde ambalo almasi zilitapakaa juu ya ardhi, na husimuliwa kwamba ziliokotwa hata kwa mwanga wa mbalamwezi. Stauch akaliita bonde hilo Idatal, kwa jina la mkewe, Ida. Picha za enzi hizo zinaonyesha njia ya uchimbaji ilivyokuwa: safu ya wanaume Waafrika wametambaa kwa magoti na viganja, bega kwa bega, nyuso zikiwa karibu kugusa mchanga, kila mmoja na kikopo chake, na nyuma yao msimamizi Mzungu amesimama wima. Hakukuwa na shimo, baruti wala ngazi. Baadaye yalikuja machekecheo ya kuzungusha kwa mkono, kisha mitambo iliyoendeshwa kwa umeme.

Serikali ya Berlin haikutaka utajiri huo uokotwe na kila mpita njia. Waziri wa makoloni, Bernhard Dernburg, ambaye mwaka 1907 alikuwa amezuru Afrika Mashariki ya Kijerumani, alifika upande wa kusini-magharibi mwaka 1908. Mwezi Septemba mwaka huo lilitangazwa Eneo Marufuku, Sperrgebiet kwa Kijerumani: pwani yote kuanzia nyuzi 26 kusini hadi mto Orange, na kwenda bara kilomita 100. Haki za uchimbaji humo zilikabidhiwa kampuni ya kikoloni, na waliokwisha kupata leseni kabla ya tangazo waliachiwa walichokuwa nacho. Raia wa kawaida hakuruhusiwa tena kukanyaga humo bila kibali. Mwaka uliofuata kikaundwa chombo kimoja cha kuuza almasi zote za koloni. Kufikia 1912 machimbo hayo yalitoa karibu karati milioni moja kwa mwaka, zaidi ya asilimia 11 ya almasi zote za dunia. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo karati milioni moja ni kilo 200 za almasi.

Kolmanskop ndiyo iliyokuwa makao ya shughuli hizo, na fedha zilipoanza kumiminika Wajerumani walijenga mji kana kwamba wako kwao. Mawe na matofali ya kuta, paa zenye mwinamo mkali zilizobuniwa kwa ajili ya theluji, karatasi za maua za kubandika ukutani: vyote vilisimamishwa mahali ambapo theluji haijawahi kudondoka. Nyumba zilipangwa kwa vyeo. Meneja alikuwa na yake, kubwa kuliko zote, kisha mhandisi, mhasibu, daktari, mwalimu. Chini yao zilijengwa nyumba za mafundi na za wanaume wasio na wake. Kulikuwa na shule, posta, bucha, duka la mikate, kiwanda cha samani na bwawa la kuogelea lililojengwa juu kilimani na kujazwa maji ya bahari.

Kiwanda cha barafu ndicho kinachowashangaza wengi. Maji ya kunywa hayakuwepo. Yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town, safari ya siku kadhaa, kisha yakapandishwa kilimani. Sehemu yake iligandishwa kuwa mapande marefu ya barafu, na hewa baridi ya mtambo ikaelekezwa kwenye chumba cha bucha ili nyama isioze. Kila asubuhi treni ndogo ilipita mitaani kwenye reli nyembamba, ikiacha mlangoni mwa kila familia ya Kijerumani kipande cha barafu cha kutia kwenye kabati la chakula, pamoja na maji, soda na limau ya siku hiyo, bila malipo. Treni hiyohiyo iliwachukua kina mama kwenda dukani, wasije wakachafua viatu mchangani.

Jioni zilikuwa na burudani zake. Jengo kubwa la starehe, ambalo bado limesimama, lina ukumbi wenye jukwaa uliotumika kwa dansi, maigizo na mazoezi ya viungo. Sauti husikika vizuri humo hadi kiti cha nyuma, na vikundi vya muziki kutoka Ulaya viliwahi kuja kutumbuiza. Ghorofa ya chini kuna ulingo wa kuvingirisha mipira ya mbao, mchezo uliopendwa sana na Wajerumani. Hospitali nayo ilikuwa na mashine ya eksirei wakati ambapo miji mingi mikubwa ya Afrika haikuwa nayo. Ilitibu wagonjwa, lakini ilikuwa na kazi nyingine ambayo waongoza watalii hawakosi kuitaja kwa kicheko: kumulika matumbo ya watu walioshukiwa kumeza mawe.

Kolmanskop imezungukwa na madai mengi ya kuwa ya kwanza, na si yote ya kumezwa. Moja linalorudiwa sana ni kwamba treni yake ya mitaani ilikuwa tramu ya kwanza barani Afrika. Hilo si kweli. Cape Town ilikuwa na tramu za kuvutwa na farasi tangu miaka ya 1860 na za umeme tangu miaka ya 1890, Cairo vilevile ilikuwa na zake, na Mombasa yenyewe ilikuwa na vigari vilivyosukumwa na watu juu ya reli za mitaani kabla jiwe la Lewala halijaokotwa. Mji wenye ukweli wa ajabu kiasi hiki hauhitaji kutiwa chumvi.

Katika miaka ya 1920, mji ulipofikia kilele, walikuwepo Wajerumani watu wazima wapatao 300, watoto wao 40, na wafanyakazi Waafrika wapatao 800, wengi wao Waovambo kutoka kaskazini kabisa mwa nchi. Kwa kila mtu aliyeletewa barafu mlangoni, kwa hiyo, walikuwepo wawili na zaidi ambao hawakuletewa. Hao waliishi katika mabweni marefu ya kambi, nje ya mji wa nyumba za maua. Walikuja kwa mkataba, bila wake wala watoto, wakakaa hadi muda uishe, kisha wakarudishwa kwao. Mfumo huo ulipopangwa rasmi chini ya utawala wa Afrika Kusini, vijana walipimwa miili na kugawanywa kwa madaraja. Wenye nguvu zaidi ndio waliopelekwa migodini. Tanganyika na Kenya zilikuwa na mfumo unaofanana nao katika mashamba ya mkonge, na wazee wa Tanga na Morogoro wanalijua neno lake: manamba. Waovambo wa mkataba waliitikia kwa namna yao. Mwaka 1957 vijana wao waliokuwa Cape Town, akiwemo Andimba Toivo ya Toivo, waliunda chama cha kupinga mikataba hiyo, na kutokana na chama hicho kikaja chama cha ukombozi cha SWAPO, ambacho baadaye kilikuwa na ofisi Dar es Salaam na kambi ya mafunzo Kongwa, Dodoma.

Udhibiti wa almasi ulikuwa mkali kuliko wa fedha. Jiwe la karati kadhaa halizidi ukubwa wa punje ya mahindi, na mtu mmoja anaweza kulificha mahali pengi. Makumbusho ya mji yanaeleza ujanja uliotumika, ukiwemo wa visigino vya viatu vilivyotobolewa ndani. Wafanyakazi Waafrika ndio waliopekuliwa zaidi. Hata hivyo almasi nyingi za magendo hazingeweza kufika Ulaya bila kupita mikononi mwa watu waliokuwa na tiketi za meli.

Utawala wa Wajerumani haukudumu. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, majeshi ya Afrika Kusini chini ya Louis Botha yaliingia na kulishinda jeshi la Kijerumani mwezi Julai 1915. Wajerumani wenye migodi waliona mapema kwamba mali yao iko hatarini, na Ernest Oppenheimer wa kampuni ya Anglo American aliwafikia kwa wakati. Mwaka 1920 kampuni zao ziliunganishwa kuwa moja, Consolidated Diamond Mines, iliyojulikana kwa kifupi kama CDM na ambayo baadaye ilimezwa na De Beers. Wajerumani wengi walibaki kazini. Nyumba, barafu na dansi viliendelea kana kwamba bendera haikubadilika, na ukumbi mkubwa wa starehe ni matunda ya miaka hiyo ya baadaye, si ya ukoloni wa Kijerumani.

Kilichoiua Kolmanskop ni mawe makubwa zaidi. Mwaka 1928 CDM iligundua kwamba matuta ya kale ya ufuko karibu na mdomo wa mto Orange, zaidi ya kilomita 200 kusini, yana almasi nyingi na kubwa kuliko zile zilizobaki katika mabonde ya Kolmanskop. Mantiki yake ni rahisi: mto ulipoyamwaga mawe baharini, makubwa hayakusafiri mbali. Mwaka uliofuata mdororo wa uchumi wa dunia ukaangusha bei ya almasi, na machimbo ya zamani yakawa hayalipi. Mji mpya wa Oranjemund ulianzishwa mwaka 1936. Makao makuu ya CDM yalihamishiwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1940, yakafuatwa na mafundi, daktari na walimu. Kolmanskop ilibaki kama ghala la kupitishia vifaa, kisha ikakosa hata kazi hiyo.

Waliohama hawakuchukua kila kitu, na walichoacha hakikukaa. Watu wa Lüderitz na mashamba ya jirani walijipatia mbao, madirisha na mabomba, jambo linaloeleweka katika nchi isiyo na miti. Nyumba iliyokosa dirisha haiwezi kuuzuia mchanga. Mchanga huingilia upande wa kusini, unaotazamana na upepo. Hujilundika kwenye pembe, hupanda ukutani, huubana mlango ukabaki nusu wazi, kisha humwagika kwenye chumba kinachofuata. Hakuna mwaka uliotajwa kuwa ndio ambao mji ulizikwa. Ulizikwa chumba kwa chumba.

Mwaka 1980 kampuni ya almasi iliamua kuokoa kilichosalia. Ukumbi wa starehe, duka na nyumba kadhaa, ikiwemo ya meneja, zilifanyiwa ukarabati, makumbusho yakafunguliwa, na wageni wakaanza kuruhusiwa kwa kibali, kwa kuwa mji bado ulikuwa ndani ya Eneo Marufuku. Kilichofuata hakikuwa kwenye hesabu. Watalii walizitembelea nyumba zilizofagiwa kwa adabu, wakapiga picha moja au mbili, kisha wakaenda kukaa saa nzima katika zile ambazo hazikuguswa. Walitaka mlango wa buluu ulionaswa nusu yake mchangani, karatasi ya maua inayobanduka ukutani, beseni la kuogea lililotupwa nje. Wakitaka picha nzuri huja alfajiri, jua linapopenya madirishani kwa ubavu na kuchora kila mkunjo wa mchanga sakafuni, kabla ya nyayo za wageni wengine kuuvuruga. Upo hata utaratibu wa kibali maalumu kwa wapiga picha, cha kuingia kabla ya saa za kawaida na kubaki hadi machweo.

Waandaaji wa filamu walikuja pia. "Dust Devil" ya Richard Stanley, iliyotoka mwaka 1992, na "The King Is Alive" ya Kristian Levring, ya mwaka 2000, zilipigwa hapo. Mwaka 2020 chumba kimoja kilichojaa mchanga kilionekana kwenye jalada la albamu ya bendi ya Tame Impala, na mwaka 2024 mji ulitumika katika tamthilia ya televisheni ya "Fallout", kuigiza dunia iliyokwisha kuangamia. Lüderitz, ambayo kwa muda mrefu imeishi kwa kamba, samaki na almasi, imepata biashara ya nne: hoteli, migahawa, madereva na waongoza wageni wanaotegemea kundi linaloteremka kutoka Kolmanskop saa za mchana.

Biashara hiyo ina utata wake. Kinachouzwa ni uharibifu, na uharibifu haukai mahali pamoja. Mchanga usipoondolewa kabisa, kuta zitaelemewa na paa zitaporomoka. Tayari baadhi ya majengo yana mabango ya kuwakataza wageni kuingia. Ukiondolewa wote, zitabaki nyumba tupu za Kijerumani, ambazo Ujerumani yenyewe ina nyingi na bora zaidi. Mpaka sasa njia inayofuatwa ni ya katikati: nyumba chache zinatunzwa, nyingi zinaachiwa upepo. Ni uamuzi wa busara kwa mwenye kuuza tiketi, ingawa maana yake ni kwamba mji unaotazamwa leo si ule ambao watoto wa sasa watauona wakizeeka.

Kuna upungufu mwingine, nao hauhusu mchanga. Simulizi inayouzwa zaidi ni ya Wajerumani 300 wa anasa walioshindwa na jangwa: barafu, opera, soda mlangoni. Mtalii anaweza kutoka akijua jina la meneja na asijue wafanyakazi 800 walilala wapi. Nyumba ya mhasibu ina kibao. Mabweni hayakujengwa ili yadumu, na hayakudumu. Mambo ni hayohayo kule bandarini, ambako kisiwa cha Shark, kilichounganishwa na nchi kavu, kilikuwa kwa miaka mingi kiwanja cha watalii cha kupigia mahema, juu ya ardhi walipofia wafungwa wa 1905 hadi 1907. Wazao wa Wanama wamedai kwa muda mrefu mahali hapo paheshimiwe kama makaburi, na dai lao lilipata nguvu zaidi mwaka 2021, Ujerumani ilipokiri kwamba yaliyotendwa Namibia yalikuwa mauaji ya kimbari. Ziara ya Kolmanskop isiyopitia kisiwa hicho ni nusu ya hadithi, na ni nusu ile nyepesi.

Almasi zenyewe hazijaisha Namibia. Baada ya uhuru wa mwaka 1990, serikali iliingia ubia wa nusu kwa nusu na De Beers, na mwaka 1994 ikazaliwa kampuni ya Namdeb iliyorithi haki za CDM. Sehemu kubwa ya uzalishaji imehamia baharini, ambako meli maalumu hunyonya changarawe kutoka sakafu ya bahari na kuichambua zikiwa hukohuko majini. Eneo Marufuku nalo lilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2008 na sasa linaitwa Tsau ǁKhaeb, jina la Kinama. Ni zaidi ya kilomita za mraba 20,000 ambazo watu walizuiwa kwa karne nzima kwa sababu ya almasi, na kwa sababu hiyo mimea yake adimu ya jangwani ilisalimika. Sehemu kubwa ya hifadhi bado haiingiliki bila kibali na kiongozi. Miji mingine ya almasi iliyohamwa, kama Pomona na Elizabeth Bay, iko humo na huonwa na wachache.

Anayetaka kufika Kolmanskop atapitia Keetmanshoop, kisha ataendesha zaidi ya kilomita 300 za lami hadi pwani, akipita Garub ambako farasi wa mwituni hunywa maji karibu na barabara. Kibali hupatikana langoni, na matembezi ya kuongozwa huwa asubuhi, kabla upepo haujaanza. Achukue maji, miwani ya kukinga macho na mfuko wa kufunikia kamera. Na akiona kijiwe kinachometa mchangani, akiache palepale: kwa sheria ya almasi ya Namibia ya mwaka 1999, kukutwa na almasi ghafi bila kibali ni kosa la jinai.